Maganda ya Arua, Kambale wa Koboko

Waandaaji wa mhadhara huu wa Arua waliniachia nichague lugha. Nilipoona orodha ya walioalikwa, Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, Wanubi, Wakongomani na wengineo, nikaona Kiswahili kitatupunguzia gharama ya wakalimani.

Nitazungumzia funza wa nzi mmoja. Mliokwisha kula, vumilieni. Ambao bado, chai iko nje na itawangoja.

Nianze na mfuko wa chakula cha samaki. Mfugaji wa Koboko mwenye bwawa la kambale hununua mfuko wa chakula cha kuelea uliotengenezwa karibu na Kampala, au uliotoka ng'ambo ukashushwa Mombasa. Mfuko huo umepita Karuma, umevuka daraja la Pakwach, umefika Arua baada ya kilomita zipatazo 500, kisha ukaongezewa nyingine zaidi ya 50 kupitia Maracha. Ndani yake mna soya, mahindi, pumba na unga wa samaki. Soya yenyewe huenda ililimwa Lango au Acholi, ikapelekwa kusini kusagwa, na sasa inarudi kaskazini kwa bei nyingine. Waliopiga hesabu za ufugaji wa samaki, Uganda na kwingineko, wanakubaliana kwamba katika kila shilingi 10 za gharama, 6 au 7 huenda kwenye chakula. Nauli ya njia yote hiyo imo ndani ya shilingi hizo.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba nzi ninayemzungumzia atatufaa iwapo atafupisha safari hiyo. Tukimkausha, tukamsaga, tukamtia kwenye magunia na kumpeleka Kampala, tutashindwa na wenye mitambo na barabara fupi. Tukimlea kando ya bwawa na kumpa kambale akiwa mbichi, mwenye kiwanda kule atashindwa na sisi, kwa sababu yeye lazima alipe lori na sisi tunalipa toroli. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Watu wa West Nile hawahitaji kufundishwa kula samaki. Albert Nile iko upande wetu wa mashariki, na Ziwa Albert liko kusini. Zamani wavuvi walifuata samaki wakubwa, mputa na angara, yule angara wa kukaushwa kwa moshi ambaye harufu yake inamtangulia mchuuzi sokoni. Siku hizi sehemu kubwa kuliko zote ya mavuno ya Ziwa Albert ni samaki wadogo wawili, muziri na ragoge. Fika Panyimur uone mwenyewe: samaki wamemwagwa kwenye jua, wengine wanachambuliwa, wengine wanapakiwa kwenda Arua, Congo na Sudan Kusini. Hao ndio kitoweo cha mtu mwenye fedha kidogo.

Lakini hao hao ndio pia malighafi ya chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Ndivyo ilivyo kwa muziri wa Albert, na ndivyo ilivyo kwa mukene wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita omena na Watanzania dagaa, na ambaye sehemu kubwa yake huishia kiwandani badala ya chunguni. Kwa maneno mengine, kambale wa kufugwa analishwa samaki ambaye mama wa Terego angewapikia wanawe usiku huu. Nilipoanza kazi hii nilidhani ufugaji wa samaki unalipunguzia ziwa mzigo. Unapunguza pale tu ambapo chakula cha bwawani hakikutoka ziwani.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2023 Peru, nchi inayoongoza duniani kwa unga wa samaki, ilifuta msimu wake wa kwanza wa kuvua anchoveta kwa sababu bahari ilipata joto na samaki wengi walikuwa bado wachanga. Bei ya unga wa samaki ikapanda dunia nzima. Mtu wa Koboko ambaye hajawahi kuisikia anchoveta alichangia hasara hiyo.

Na mabwawa yetu yana historia yake. Ufugaji wa samaki Uganda ulianza kuandikwa mwaka 1941 walipoletwa samaki aina ya kapu, na kituo cha Kajjansi kikafunguliwa mwaka 1947. Kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa na maelfu ya mabwawa madogo ya kuchimbwa kwa jembe. Mengi yakaachwa yakaota magugu. Sababu zilizotajwa ni vurugu za siasa, ukosefu wa vifaranga na ukosefu wa ushauri. Mimi ningeongeza kwamba samaki walitupiwa majani na mabaki ya posho, wakabaki wadogo, na mwenye bwawa akachoka kulisha kitu kisichokua. Leo vifaranga vinapatikana. Ushauri upo, hata kama afisa uvuvi hana mafuta ya pikipiki. Chakula ndicho bado kinakwamisha.

Sasa tuje kwa mdudu mwenyewe.

Jina lake la kitaalamu ni Hermetia illucens, na Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Asili yake ni Amerika, lakini sasa yuko karibu kila mahali penye joto, na hapa kwetu yuko porini. Acha ndoo ya mabaki yanayooza chini ya mwembe na baada ya siku chache atafika bila kualikwa. Wataalamu humwita nzi askari mweusi. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni nyigu: mrefu, mweusi, mapajani mweusi na nyayoni mweupe, na kiunoni ana sehemu mbili angavu ambazo ukimnyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Hana mwiba na hang'ati. Akishapata mabawa hahitaji chakula. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea utotoni, na maisha yake yaliyobaki ni kama juma moja la kutafuta mwenzi. Kwa hiyo hana haja ya kutua kwenye sahani yako. Nzi wa chooni ni mwingine, na mabuu wa askari wakijaa mahali, nzi huyo wa nyumbani hupungua.

Jike hutaga mayai yapatayo 500 kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Hatagi juu ya uchafu. Hutafuta ufa mkavu karibu na uchafu. Ndiyo maana wafugaji humfungia vibao viwili au vitatu vyembamba, wakaacha nafasi ya upana wa kijiti cha kiberiti katikati, wakaviweka juu ya beseni lenye harufu. Asubuhi unafungua vibao na kukuta mayai yamepangwa, rangi ya siagi. Baada ya siku nne hivi yanaanguliwa. Wachanga hao hupewa kitu laini kwanza, chakula cha vifaranga vya kuku kilicholowanishwa, kwa siku tano. Kisha wanaingizwa kwenye taka.

Beseni lenye mabuu ya siku ya nane ni kitu cha kusimama na kukiangalia. Wao hukimbia mwanga, kwa hiyo ukifunua turubai juu yote inatetemeka na kuzama. Ukitulia unasikia mchakacho wao, kama mvua nyembamba juu ya majani makavu. Ukiingiza mkono unakuta joto ambalo jua halikulileta. Wanalitengeneza wenyewe, na wakijazana kupita kiasi linaweza kuwaua. Harufu, kama taka si maji matupu, ni ya pombe iliyochacha zaidi kuliko ya uozo. Siku chache baadaye ile rangi ya maziwa inageuka kahawia iliyokoza, mdomo unageuka kulabu, na buu anaacha kula na kuanza kutambaa akitafuta pakavu. Mfugaji mvivu humwekea ubao wa mteremko na ndoo mwishoni, naye buu akajileta mwenyewe. Mfugaji wa samaki asingoje hapo, kwa sababu ngozi ya buu mweusi imekwisha kuwa ngumu na samaki anaimeng'enya kwa shida. Amvune buu akiwa bado mweupe.

Buu huyo, ukimkausha, kati ya theluthi moja na mbili kwa tano ni protini, na theluthi nyingine, pengine pungufu kidogo, ni mafuta. Uzito wa taka alizozila hupungua kwa nusu au zaidi, na kinachobaki, mchanganyiko wa kinyesi chao na nyuzi, ni mbolea inayochekechwa na kupelekwa bustanini.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1977 Wamarekani walichapisha jaribio la kumlisha nguruwe kwa unga wa mabuu haya. Mwaka 1981 na tena 1987, Bondari na Sheppard wa Georgia waliandika juu ya kambale wa kwao na perege. Matokeo yao yanafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuwauzia watu miujiza: mabuu peke yake hayakutosha kumkuza samaki vizuri, na kuyakatakata kulimsaidia samaki kula zaidi. Halafu mambo yakalala kwa miaka mingi, mpaka ripoti ya FAO ya mwaka 2013 kuhusu wadudu kama chakula ikaamsha dunia. Kwetu Afrika Mashariki kazi kubwa ilifanywa na icipe, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo Nairobi mwaka 1970, kupitia mradi wa INSFEED uliofanya kazi Kenya na Uganda. Kenya ikaweka kiwango rasmi cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 2017, na Uganda nayo ina chake. Kwa hiyo afisa akikuuliza kama jambo hili linaruhusiwa, una karatasi ya kumwonyesha.

Ulaya iliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki kuanzia Julai 2017. Hapa kuna kichekesho. Sheria zao zinamhesabu mdudu kuwa mfugo, na mfugo kule haruhusiwi kulishwa mabaki ya jikoni, kwa sababu ya hofu ya magonjwa ya mifugo. Kwa hiyo nzi aliyeumbwa kula taka analishwa vitu ambavyo ng'ombe au kuku angekula. Gharama ikapanda. Kampuni ya Kifaransa Ÿnsect, ambayo ilifuga mdudu mwingine lakini kwa ndoto ile ile, ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola, ikajenga kiwanda kirefu Amiens, na mwaka 2024 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Haikunusurika. Mimi husoma habari hiyo kama habari ya umbali tena: mdudu alitengwa na taka, akawekwa kwenye jengo la gharama, akatakiwa ashindane na soya.

Sisi tuna taka. Swali ni za nani.

Nilipokuwa nazunguka sokoni hapa Arua nilimkuta mama mmoja amekaa na gunia la maganda ya viazi na majani ya kabichi. Nikamwuliza, "Mama, haya yanakwenda dampo?" Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mwanangu, hayo yana mwenyewe. Wa nguruwe anakuja saa kumi." Nikauliza maganda ya muhogo. Ya mbuzi. Machicha ya pombe ya kwete? Yana foleni.

Mama yule aliniokoa na mpango mbaya. Wageni wengi wanaofika hapa na kitabu cha nzi mkononi hudhani soko la Arua limejaa mali isiyo na mwenyewe. Chakula kinachofaa mnyama hapa kimekwisha kuliwa na mnyama. Na katika makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, ambako mgao wa Shirika la Chakula Duniani (WFP) umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, mtu akienda kuulizia mabaki ya chakula atakuwa anatukana watu. Nzi wetu hana ruhusa ya kumnyang'anya mbuzi, sembuse binadamu.

Basi anabakiwa na nini? Anabakiwa na kile mbuzi anachokiruka. Nyanya zilizopasuka. Maembe ya msimu, yale yanayoanguka mpaka watoto wanachoka nayo na njia inateleza. Mapapai yaliyolainika safarini. Matumbo na mapezi ya samaki. Mabaki ya hoteli yaliyochanganyika posho, mchuzi na maharage yaliyochacha tangu jana, ambayo humharisha hata nguruwe. Vitu hivi vina maji mengi, vinatoka machozi kwenye gunia, na ndivyo vinavyonuka kwenye dampo. Nzi askari anavipenda. Ukivichanganya na kitu kikavu, pumba ya mpunga, unga wa mbao au maganda ya muhogo yaliyokauka ambayo mbuzi ameyaacha, viwe vya kukamata bila kudondosha maji, umepata malisho. Maganda ya muhogo peke yake hayafai, mabuu yanadumaa.

Matumbo ya samaki nayataja kwa mkazo. Mafuta ya buu wa kawaida hayana zile omega-3 ambazo samaki anasifiwa kwazo. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba buu akilishwa mabaki ya samaki, hata katika siku zake za mwisho tu, mafuta hayo humwingia. Kwa hiyo uchafu wa meza za samaki wa Panyimur waliopasuliwa hapa Arua unaweza kurudi kwa kambale wa Koboko. Huo ndio mzunguko mfupi ninaousema.

Kutenganisha taka ndiko kuna kazi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, Kampala, uliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Kiteezi lilikuwa limejaa vitu vya kuoza vilivyochanganywa na plastiki kwa karibu miaka 30, wala hakuna nzi aliyeweza kuokoa mchanganyiko huo. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ilipigwa marufuku na sheria ya mwaka 2009, na leo nimeletewa ndizi ndani ya kaveera. Taka ikishaingia kwenye lori pamoja na betri na kaveera, kwangu mimi imekufa. Lazima ikamatwe mezani, kabla haijachanganyika, na anayeikamata ni yule mama. Asipolipwa kitu, hata kama ni kidogo, hatabagua; na ni haki yake.

Betri nimezitaja kwa sababu. Mabuu hukusanya kadimiamu mwilini, madini ya sumu yaliyomo kwenye baadhi ya betri na rangi, na kutoka hapo huingia kwa samaki. Kwa upande mwingine, sumu ya kuvu kwenye mahindi na karanga, aflatoksini, haikusanyiki ndani ya mabuu. Watafiti wa Wageningen walilionyesha hilo. Mahindi yaliyoota ukungu ambayo ni hatari kumpa kuku yana mlaji hapa, ingawa ningeomba maabara zetu wenyewe ziyapime kabla mtu hajafanya biashara nayo.

Tupige hesabu sasa, maana hesabu ndizo zinazoachwa kwenye mihadhara ya aina hii.

Chukua bwawa dogo lenye kambale 1,000 wanaofikishwa nusu kilo kwa miezi sita. Hiyo ni kilo 500 za samaki. Kwa chakula kizuri utatumia kilo moja na nusu kwa kila kilo ya samaki, yaani kilo 750. Tuseme theluthi moja ya chakula hicho, kilo 250 kikiwa kikavu, itoke kwa nzi. Buu mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukikausha hubaki pungufu kidogo ya theluthi. Kwa hiyo unahitaji kilo zaidi ya 800 za mabuu mabichi. Tani moja ya taka mbichi, ukifanya kazi vizuri sana, inaweza kutoa kilo 200 za mabuu. Kwa taka zetu za maji maji na mikono ya kujifunza, chukua 120. Gawanya: karibu tani 7 za taka kwa miezi sita. Kwa siku ni kilo 40.

Kilo 40 ni toroli moja lisilojaa sana. Meza chache za nyanya, hoteli mbili na mwembe mmoja.

Mwongozo wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, unasema mabuu 10,000 ya siku tano yanatosha kula kilo 15 za taka kwa siku 12 katika sanduku la sentimita 60 kwa 40. Kwa kilo 40 za kila siku utakuwa na masanduku kama 32 yakiwa kazini kwa wakati mmoja. Yapange ghorofa nne na yote yanakaa kwenye kibanda cha kuku cha kawaida. Mtu mmoja anayehudumia kwa saa mbili au tatu kila siku anatosha. Kila siku, narudia. Mabuu hawajui Krismasi wala Idi.

Kwa nini theluthi na si yote? Nimewataja Bondari na Sheppard. Tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha kambale anavumilia vizuri kubadilishiwa hadi nusu ya unga wa samaki, na zaidi ya hapo matokeo yanatofautiana. Ngozi ya mdudu na mafuta yake vina kikomo. Tena protini ya nzi ina upungufu kidogo wa methionini, na mashudu ya simsim yana methionini kwa wingi. Nani analima simsim kama sisi? Mabuu mabichi asubuhi, pumba ya mahindi na mashudu ya simsim jioni, na mfuko wa Kampala kwa ajili ya vifaranga wachanga ambao wanataka chakula laini kilichopimwa. Mfuko hauondoki kabisa. Unakuwa mmoja pale ilipokuwa mitatu au minne, na hilo linatosha kubadili daftari la mfugaji.

Koboko kuna swali ambalo nimeulizwa na masheikh, nalo ni swali zuri: samaki aliyekula funza wa jalalani ni halali? Vitabu vya fikihi vinamjua mnyama anayekula najisi, vinamwita jallala, na vinaelekeza afungiwe na kulishwa kilicho safi kwa muda kabla ya kuliwa. Hukumu ya samaki nawaachia wenye elimu yao. Kwa upande wangu nasema mambo mawili ya mfugaji. Kwanza, tusitumie kinyesi, wala cha nguruwe wala cha binadamu. Najua Nairobi kampuni ya Sanergy ilimlisha nzi huyu uchafu wa vyoo vya Mukuru na kazi ile ilikuwa ya kupongezwa kwa usafi wa mji. Lakini bwawa linalouza kwa jirani linaishi kwa sifa yake, na uvumi mmoja wa Ijumaa unatosha kulifunga. Pili, siku za mwisho kabla ya kuvua, samaki walishwe mashudu na pumba tu.

Wanaosema wanachukia mawazo ya samaki mla funza nawauliza wanadhani kambale wa mtoni anakula nini. Halafu nawakumbusha onya, yaani kumbikumbi. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, hakuna nyumba ya Mlugbara inayohitaji semina juu ya protini ya wadudu.

Maadui wa kazi hii ni wa kawaida. Sisimizi ndio wa kwanza: usiku mmoja wanaweza kumaliza mayai ya juma zima, kwa hiyo miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo. Mijusi, panya, na kuku wa jirani aliyegundua njia. Kiangazi, kuanzia Desemba mpaka mvua zirudi, upepo mkavu huwakausha nzi ndani ya chandarua kabla hawajataga. Wanyunyiziwe maji asubuhi na kizimba kiwekwe penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, maana bila mwanga wa kutosha hawapandani vizuri. Arua, kwenye urefu wa karibu mita 1,200, usiku hupoa na ukuaji hupungua. Joto la Koboko linawafaa zaidi. Adui mkubwa kuliko hao ni mfugaji kusafiri kwenda matanga siku nne na kurudi akakuta kizazi kimekatika.

Hilo la kizazi ndilo linanifanya nisimwambie kila mfugaji afuge nzi wazima. Kulea mabuu ni rahisi. Kutunza wazazi, vibao, mayai na wachanga ni ufundi. Tugawane. Kituo kimoja kitunze wazazi na kutoa mabuu ya siku tano, na wenye mabwawa wapokee hayo, wayanenepeshe kwa taka zao kwa siku 12 na kuyamwaga bwawani. Mabuu 10,000 ya siku tano hayajazi kikombe cha chai. Boda boda wa Koboko anaweza kubeba mahitaji ya vijiji kadhaa kwenye kasha moja lenye matundu. Abi ZARDI, kituo cha utafiti wa kilimo cha taifa (NARO) hapa Arua, kina ardhi na watu wa kazi kama hiyo, na Chuo Kikuu cha Muni kina wanafunzi wanaotafuta mada. Nawataja kwa sababu wapo jirani, sijawaomba ruhusa. Kambi ya wakimbizi ya Lobule iko ndani ya Koboko, ina Wakongomani, na wengi wao hawana ardhi ya kulima. Kibanda cha masanduku 32 hakidai ekari.

Kwa jiji nina ombi moja, na nimeliandika kwenye karatasi ambayo nitamwachia karani. Mkataba wa kuzoa taka za soko, utakapotangazwa tena, umlipe mkandarasi kwa uzito wa taka za kuoza anazozifikisha zikiwa hazijachanganywa, pamoja na uzito wa zile anazozitupa. Sasa hivi analipwa kwa kutupa, na anatupa vizuri.

Muda wangu umekwisha. Karibuni maswali, na nianze na yule mzee wa nyuma, maana mkono wake uko juu tangu nilipowataja nguruwe.